Timu Kubwa Hakuna, Uwanja Upo: Mwongozo wa Besiboli ya Ligi Ndogo kwa Aliyehamia Mji Mpya Marekani

Ulizoea Houston, Boston au Chicago, ukitoka kazini unajua timu ya Ligi Kuu inacheza nyumbani. Sasa kazi au familia imekuleta Louisville, Kentucky, au Des Moines, au Portland ya Maine. Unafungua ramani na kukuta kwamba timu kubwa iliyo karibu iko mji mwingine kabisa. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudi kwenye televisheni. Usifike huko kabla hujauliza kama mji wenyewe una uwanja wa ligi ndogo, maana mara nyingi unao. Kwa anayependa mpira wenyewe kuliko mbwembwe zake, uwanja huo unaweza kumfaa kuliko ule aliouacha.

Nitatumia Louisville kama mfano, kwa sababu wasemaji wa Kiswahili ni wengi pale, hasa ndugu zetu wa Kongo na Burundi, na wengi wao wanafanya zamu za usiku kwenye maghala na kwenye kituo kikubwa cha UPS kilichopo uwanja wa ndege. Aliyeko mji mwingine abadilishe jina la timu tu.

Hatua ya 1: Jua timu ni ya nani

Mtu wa soka akisikia "ligi ndogo" huwaza ligi daraja la kwanza: ukifanya vizuri unapanda, ukivurunda unashuka. Huku hakuna kitu hicho. Louisville Bats wanaweza kushinda mechi zote za mwaka na msimu ujao ukawakuta pale pale. Anayepanda ni mchezaji.

Klabu 30 za Ligi Kuu kila moja ina timu nne chini yake, jumla 120, katika ngazi nne: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A iliyo juu kabisa. Klabu mama ndiyo inayoajiri wachezaji na makocha na kuamua nani apande. Watu wa mjini wao wanasimamia uwanja, tiketi, chakula na burudani. Ukilielewa hilo, mambo mengi yatakayokushangaza uwanjani yatakuwa wazi.

Bats ni Triple-A, na tangu 2000 wako chini ya Cincinnati Reds. Maana yake ni kwamba kijana uliyemtazama Jumanne anaweza kupigiwa simu usiku, na Jumatano akavaa jezi ya Ligi Kuu huko Cincinnati, mwendo wa kilomita kama 160 kwa gari. Elly De La Cruz aliondoka Louisville hivyo Juni 2023. Joey Votto alipita hapo hapo mwaka 2007.

Kwingine: Des Moines kuna Iowa Cubs wa Chicago Cubs, Columbus kuna Clippers wa Cleveland Guardians, na Indianapolis kuna Indians wa Pittsburgh Pirates. Portland kuna Sea Dogs, Double-A ya Boston Red Sox, na uwanja wao una ukuta mrefu wa kijani upande wa kushoto uliojengwa kuiga ule wa Fenway Park. Aliyehama Boston kwenda Portland bado yuko kwa timu yake ile ile.

Angalizo moja. Baadhi ya miji ina timu za kulipwa zisizo chini ya klabu yoyote. Lexington, mji mwingine wa Kentucky wenye Wakongo wengi, ni mfano: Legends wake waliachwa na Kansas City Royals Ligi Kuu ilipopanga upya ligi ndogo baada ya 2020, wakahamia Atlantic League. Ni besiboli halali na mara nyingi ya kusisimua, ila usitarajie kumwona kesho kwenye televisheni yule uliyemshangilia leo.

Hatua ya 2: Isome ratiba kama mtu wa zamu

Msimu wa Triple-A huanza mwishoni mwa Machi na kuisha katika nusu ya pili ya Septemba, mechi 150, nusu yake nyumbani. Tangu 2021 mpangilio wa kawaida ni huu: timu ngeni inakuja Jumanne, inacheza kila siku hadi Jumapili, Jumatatu ni mapumziko na safari. Yaani wapinzani wale wale siku sita mfululizo.

Kuna wanaolilalamikia hilo. Kwa mgeni mjini nadhani ni zawadi. Ukienda Jumanne na ukarudi Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, unakuta unawajua watu 40 waliopo uwanjani, wa nyumbani na wa ugenini. Unajua nani anapiga mpira wa kasi na hawezi ule wa polepole. Unajua Alhamisi mrushaji atamfanyia nini. Ukienda mara moja kwa mwezi, kila safari unaanza upya.

Mrushaji aliyeanza Jumanne mara nyingi ndiye atakayeanza Jumapili, ingawa timu nyingine humpumzisha hadi wiki inayofuata. Kama kuna kijana anayesifiwa unataka kumwona, tafuta siku aliyoanza mara ya mwisho, kisha hesabu.

Kwa mfanyakazi wa usiku, tafuta mechi za mchana. Katikati ya wiki, mara nyingi Jumatano, timu nyingi huweka mechi inayoanza saa tano asubuhi au saa sita. Mapema katika msimu siku hizo hujaa wanafunzi walioletwa na mabasi ya shule na kelele zake si za kawaida, lakini umetoka zamu, umekaa juani, na saa tisa uko kitandani.

Mechi ya jioni nayo haikutishi tena. Saa ya kumhesabia mrushaji sekunde ilienea ligi ndogo zote mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya Ligi Kuu, na ikapunguza kama dakika 25 kwa kila mechi. Na tangu 2018 zikiisha raundi tisa na timu ziko sare, kila raundi ya nyongeza huanza na mtu tayari kwenye besi ya pili (besi ni vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka hadi arudi homu na kupata alama), ili mambo yaishe. Hayatarudi tena ya Aprili 1981, timu za Pawtucket na Rochester walipocheza raundi 32 hadi alfajiri ya Pasaka mbele ya mashabiki 19 waliobaki, wakasimamisha, na Juni wakarudi kucheza raundi moja iliyoamua. Pawtucket walishinda 3 kwa 2. Usiku ule walikuwepo uwanjani vijana wawili, Wade Boggs na Cal Ripken Jr., ambao baadaye walikuwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huu.

Hatua ya 3: Tiketi na pa kukaa

Nunua kwenye tovuti ya timu au dirishani. Wauzaji wa mkono wa pili wanaongeza ada bila sababu, na siku ya katikati ya wiki viti havijai. Kabla ya kulipa tazama kalenda ya ofa: kuna siku ya soseji za bei ya chini, siku ya sanamu ndogo ya mchezaji yenye kichwa kinachotikisika, fataki za Ijumaa au Jumamosi, na Jumapili ambayo watoto huruhusiwa kuzunguka besi mechi ikiisha. Mwenye familia achague Jumapili. Anayekwenda kuutazama mpira aepuke usiku wa fataki, kwa sababu nusu ya watu wanasubiri giza tu na foleni ya chakula haiishi.

Kiti changu ni upande wa besi ya tatu, safu za chini, kidogo tu nyuma ya homu (anaposimama mpigaji). Kwenye viwanja vingi jua la jioni huondoka mapema upande huo, na Julai ya Kentucky si ya kufanyia mzaha. Nyuma ya homu kabisa ndiko unakoona mpira ukipinda. Huko kuna maskauti (wasaka vipaji) na wenye tiketi za msimu. Mwenye watoto wadogo anunue nafasi ya nyasi nyuma ya uwanja wa nje kama ipo, atandike khanga, watoto wakimbie. Bei huko ndiyo ya chini.

Mvua ikivunja mechi kabla haijahesabika rasmi, tiketi yako kwa kawaida hubadilishwa kwa mechi nyingine. Usiitupe.

Hatua ya 4: Kufika na kuingia

Hapa Louisville wageni hupotezwa na simu zao. Uwanja unaitwa Louisville Slugger Field na uko East Main Street. Jumba la makumbusho la Louisville Slugger, chapa ya magongo ya besiboli, lenye gongo la chuma la urefu wa mita kama 37 lililoegemea ukutani, liko barabara hiyo hiyo lakini upande wa pili wa katikati ya jiji. Andika neno "Field" kwenye ramani. Mabasi ya TARC yanapita karibu, na siku ya mechi kuegesha gari mitaa miwili mitatu mbali huwa nafuu.

Uwanja huo ulifunguliwa 2000, na mlango wake mkuu ni jengo la zamani la reli. Unapita chini ya matofali mekundu ndipo nyasi zinakufungukia. Nje kuna sanamu ya Pee Wee Reese, aliyekulia Louisville, akaichezea timu ya mji kisha akaenda Brooklyn Dodgers. Huyu ndiye nahodha mweupe aliyesimama na Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa Ligi Kuu, tangu 1947, wakati wengine hawakutaka hata kukaa naye benchi moja. Simama hapo dakika moja, mwenye watoto awasimulie.

Mji huu una haki ya kujivuna. Mwaka 1983 timu yake ya wakati huo, Redbirds, ilikuwa ya kwanza katika ligi ndogo zote kupitisha watazamaji milioni moja kwa msimu, katika uwanja mwingine uliokuwa kwenye viwanja vya maonyesho.

Fika mlango unapofunguliwa, saa moja kabla. Viwanja vingi vinataka mkoba wa plastiki unaoonyesha ndani au pochi ndogo, na vingi havipokei noti, kwa hiyo beba kadi. Soma sheria za mkoba kwenye tovuti ya timu usiku uliotangulia, maana kurudi garini na watoto watatu ni adhabu.

Ukishaingia, usikae. Zunguka. Viwanja hivi vipya mara nyingi vina njia pana unayoweza kuifuata huku macho yakiwa kwenye mpira. Pita karibu na mahali warushaji wanapopasha mikono. Hapo mpira wa kilomita 150 kwa saa unausikia unapotua kwenye glovu, umesimama hatua chache tu, na hujalipa bei ya Ligi Kuu.

Kuhusu chakula nitasema machache. Waislamu waulize kabla ya kununua soseji: nyingi zina nguruwe, na hata ya ng'ombe tupu haina maana kwamba ni halali. Karanga na bisi kwa kawaida hazina tatizo. Timu nyingine huruhusu chupa ya maji iliyofungwa, nyingine hapana.

Hatua ya 5: Soma majina kabla ya kutazama mpira

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, kisha wanasema ligi ndogo haina ladha. Fungua orodha ya wachezaji kwenye programu ya simu ya MiLB (kifupi cha Kiingereza cha ligi ndogo) na ugawe majina katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vijana wanaopanda, miaka 21 hadi 24. Tazama walikuwa wapi mwaka jana. Kwa Bats, wengi watakuwa wametoka Chattanooga, timu ya Double-A ya Reds.

Fungu la pili ni watu wa miaka 28 hadi 34, walioonja Ligi Kuu wiki mbili hapa, mwezi mmoja pale. Kwangu hawa ndio moyo wa uwanja. Wanajua kila kitu kuhusu mchezo na wanajua simu inaweza isilie tena. Mkataba wa kwanza wa chama cha wachezaji wa ligi ndogo, uliosainiwa 2023, uliinua kima cha chini cha Triple-A hadi dola 35,800 kwa mwaka. Mwaka huo huo kima cha chini cha Ligi Kuu kilikuwa dola 720,000. Weka tarakimu hizo mbili kichwani unapomwona mtu wa miaka 31 anakimbia kwa nguvu zote kuelekea besi ya kwanza kwa mpira ambao ungedhani hauna faida.

Fungu la tatu ni nyota wa Ligi Kuu waliotoka kwenye majeraha, wanaotumwa chini siku chache wajipime. Habari hizi hutoka siku moja au mbili kabla. Ukiziona, nunua tiketi saa hiyo hiyo.

Jina linaweza kukushangaza pia. Mwaka 1994 Michael Jordan aliacha kikapu na kucheza Double-A Birmingham, Alabama, akapata wastani wa .202 (kama mapigo mawili yenye mafanikio katika kila kumi), na kila mpinzani alitaka kumtoa. Na kwa sisi kuna Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pirates walimsajili 2008, akasota ngazi zote za ligi ndogo, akapita Indianapolis, timu ambayo hadi leo ni jirani na mpinzani wa Louisville. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester na kufika besi ya kwanza. Uganda nayo imeanza kutoa wachezaji: Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana mtandaoni kwa kujifua na matairi ya gari, alikuja Maryland mwaka 2023 kuichezea Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Kwa hiyo ukiona jina lenye harufu ya nyumbani kwenye orodha, usidhani macho yamekudanganya.

Hatua ya 6: Tazama mambo ambayo ubao wa matokeo hausemi

Mrushaji yuko raundi ya tano, hakuna aliyefika besi kwa kupiga mpira wake, na kocha anakwenda kumtoa. Jukwaa linazomea. Wewe tulia: Cincinnati wamesema arushe mipira 75 basi, na ya 75 imefika. Siku nyingine utamwona mtu anang'ang'ania mpira wa kupinda ambao kila mtu anaupiga. Ameagizwa ajifunze huo. Kushinda kunatakiwa, lakini si amri ya kwanza.

Triple-A pia ni maabara. Kuanzia 2023 viwanja vyake vyote vina mitambo ya kupima straiki, yaani kama mpira uliorushwa umepita eneo halali la kupigwa. Katika mfumo wa rufaa, mpigaji, mrushaji au mdakaji asiyekubaliana na mwamuzi hugonga kofia yake kwa mkono, ubao mkubwa unaonyesha mpira ulipita wapi, na uamuzi unabaki au unageuka papo hapo. Ligi Kuu imeupitisha mfumo huo kwa msimu wa 2026, baada ya watu wa miji kama huu kuuzoea zamani.

Katikati ya raundi kutakuwa na vioja: wazee wanazungushwa kwenye gongo hadi kizunguzungu kisha washindane mbio, na mtu aliyevaa kinyago cha timu anarusha fulana. Usijifanye hupendi. Raundi ya saba kila mtu husimama na kuimba. Maneno yapo kwenye ubao.

Jambo la hatari: mpira wa faulo, yaani uliopigwa ukatoka nje ya mistari. Nyavu zimeongezwa viwanja vingi, lakini ukikaa nje ya nyavu weka simu mfukoni mpigaji anapokuwa homu, na usimkalishe mtoto mchanga huko. Ukiudaka ni wako. Desturi ni kumpa mtoto aliye karibu, si lazima.

Hatua ya 7: Beba penseli

Kila uwanja wa ligi ndogo una wazee wanaoandika mechi kwa mkono. Wasalimie, kaa karibu nao, na uwe na karatasi yako. Namba ni hizi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3, 4 na 5 walinzi wa besi ya kwanza, ya pili na ya tatu, 6 anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, kisha 7, 8 na 9 uwanja wa nje kutoka kushoto kwenda kulia. Mpira ukienda kwa 6, akampa 4, akampa 3, wawili wametoka: andika 6-4-3. Aliyetolewa kwa straiki tatu ni K, na akisimama tu bila kuzungusha gongo, K hiyo hugeuzwa kinyume.

Sijui njia rahisi kuliko hii ya kupata jamaa mjini. Kiingereza chako kiwe cha Dallas au cha Bukavu, ukimwuliza mzee "hiyo umeandikaje?" atakueleza mpaka raundi ya tisa, na wiki ijayo atakuwekea kiti.

Septemba isikupite

Tarehe 1 Septemba kila klabu ya Ligi Kuu huongeza wachezaji kutoka 26 hadi 28. Kwa hiyo Louisville inaweza kupoteza wawili kwa mpigo, na nafasi zao kuchukuliwa na vijana kutoka Chattanooga ambao hujawahi kuwaona. Shule zimefunguliwa, joto limepungua, mashabiki wengi wamehamia kwenye mpira wa Kimarekani, na kiti cha nyuma ya homu kinapatikana dirishani jioni ile ile. Nenda Jumanne ya wiki ya mwisho ya nyumbani, andika majina mapya kwenye karatasi yako, na uulize dirishani ratiba ya mwakani kama imeshatoka. Mara nyingi huwa tayari.